Ng'ombe Ishirini na Watatu

Mtu anayekataa ng'ombe ana jambo analificha. Hivyo ndivyo nilivyoamini nikiwa darasa la tano, na niliyemshuku ni baba yangu mzazi.

Tulikuwa tumehamishwa kutoka upande wa Buswahili kwenda kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama matuta ya pamba. Malisho hayakutosha, kwa hiyo ng'ombe wetu wengi walibaki kwa rafiki wa baba, njia ya Bunda, aliyekubali kuwachunga pamoja na wake. Mwaka uleule rafiki huyo akaleta posa. Alimtaka dada yangu kwa ajili ya mwanawe wa mwisho. Dada alikuwa amefanya mtihani wa darasa la saba na anasubiri majibu kutoka Musoma. Akifaulu, angekwenda sekondari. Akiolewa, basi.

Kwetu mahari haikutajwa kwa mdomo. Wazee walikaa chini, upande wa binti ukapanga vijiti, kijiti kimoja ng'ombe mmoja, na upande wa pili ukapunguza au kuongeza mpaka wapatane. Baba alipanga ishirini na vitatu. Akaweka na sharti: ng'ombe watoke kwenye mazizi ya ndugu watatu wa kwa bwana harusi, sawa kwa sawa, ili kesho mmoja wao asije akasema huyu mke nimemtolea zaidi.

Mshenga aliondoa vijiti viwili. Ishirini na mmoja, kila zizi saba. Baba akavirudisha. Mshenga akafikiri, akaongeza kimoja: ishirini na wanne, kila zizi wanane. Baba akakiokota kile cha ziada akakitupa pembeni.

"Ni ishirini na watatu," alisema. "Ndivyo alivyoolewaga mama yangu. Hapungui, haongezeki."

Uongo mtupu. Bibi aliolewa kwa majembe na mbuzi wachache, mwaka wa njaa. Mama alikuwa ametusimulia mara nyingi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la uji, nikamtazama baba yangu anavyodanganya wazee wenzake bila hata kupepesa macho. Wageni wakaondoka bila kupatana. Dada akaingia ndani akalia. Nilidhani anamlilia mchumba.

Tangu siku hiyo nikaanza kumchunguza baba. Alikuwa anasoma kisomo cha watu wazima alasiri, pale pale shuleni kwetu, na mwalimu wao ndiye aliyekuwa wetu asubuhi. Siku moja niliwakuta wawili hao wamebaki peke yao, baba amechuchumaa anachora mistari mavumbini. Waliponiona wakanyamaza. Baba akafuta chini kwa mguu.

Wiki hiyohiyo mwalimu akatufundisha namba tasa: namba inayokubali kugawanywa kwa moja na kwa yenyewe tu, nyingine yoyote haiiwezi. Akaziandika ubaoni, mbili, tatu, tano, saba, akaendelea. Alipofika ishirini na tatu moyo ulinilipuka. Kumbe ndiyo ile mistari ya mavumbini: ishirini na tatu haigawanyiki kwa mazizi matatu. Nikajua baba hataki harusi, na nikajua kwa nini, au nilijiona najua: dada alifanya kazi ya watu wawili kwenye pamba, na baba alitaka azeekee pale pale na jembe. Niliumia kwa ajili ya dada yangu. Nilimchukia baba waziwazi moyoni, nisikudanganye.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, na sehemu je? Nusu inaweza kuwa tasa?"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. "Utasa ni habari ya namba nzima tu," alisema. "Saba haigawanyiki kwa tatu kwa sababu tunataka jibu zima. Ukiruhusu sehemu, namba yoyote inagawanyika kwa yoyote, ukiacha sifuri. Hata hiyo nusu, igawe kwa tatu, unapata moja ya sita. Humo hakuna tasa tena." Kisha akanisogelea. "Nani kakutuma uulize?"

"Hakuna."

Hakuniamini, na mimi sikumwamini.

Mshenga alikuja mara ya tatu, akashindwa tena. Mimi nikatumwa kumsindikiza hadi barabarani, nimebeba kigoda chake. Alikuwa mzee mpole na siku ile alikuwa amechoka.

"Baba yako ni mgumu," alisema. "Nimegawa mpaka kichwa kinauma."

"Mzee, si kuna ng'ombe wa miguu?" nikamwambia. Kwetu watu wasiojiweza waliweza kumiliki mtamba mmoja kwa pamoja, huyu miguu ya mbele, yule ya nyuma, na ndama wakapokezana. "Kila zizi litoe saba. Wale wawili waliobaki wawe wa ndugu wote watatu. Hapo kila mmoja ametoa saba na theluthi mbili."

Akasimama. "Mahari ya miguu haijaletwaga hata siku moja."

"Baba amesema sawa kwa sawa. Hajasema wazima wazima."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilirudi nyumbani nikiruka mashimo ya njiani kwa furaha ya kumnasa baba.

Walikuja baada ya siku chache. Wakapanga vijiti saba, saba na saba, kisha viwili vilivyofungwa pamoja kwa uzi wa katani, wakaviweka katikati. Wazee wa kwetu wakatazamana, wakasema sharti limetimia, na neno la baba lilikuwa limeshatoka. Baba akaviokota vile viwili.

"Nani kawapa hesabu hii?"

"Binti yako huyo hapo," mshenga akasema kwa fahari. "Una mtoto wa akili."

Baba akainua macho kunitazama. Nilitafuta hasira usoni mwake nisiione, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Majibu yalikuja ng'ombe wakiwa wameshaingia zizini. Mwalimu aliyaleta kwa baiskeli: dada amefaulu, amepata nafasi Musoma. Baba alikwenda kwa rafiki yake kuomba asubiriwe. Alirudi siku hiyohiyo, amekataliwa.

Dada nilimkuta anakunja kanga zake.

"Baba aliniambiaga nivumilie," alisema. "Hawezi kumkataa rafiki yake mdomoni na ng'ombe wetu wako kwake. Alisema namba ile hawataiweza, watachoka wenyewe, na majibu yatakuwa yametoka."

"Sasa ulikuwa unalia nini?"

"Nilikuwa naogopa wasije wakaiweza."

Nikamwuliza mbona hawakuniambia. Hakukasirika. Alikunja kanga ya mwisho kwanza, akailainisha kwa kiganja.

"Wewe, mdogo wangu, humwamini mtu. Ukiambiwa jambo lazima ulipeleleze kwa watu. Tulikuogopa."

Akanipa madaftari yake yote, maana hakuwa na kazi nayo tena. Alipotoka nililifungua la hesabu, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta kama ameandika neno baya juu yangu. Hakukuwa na neno. Zilikuwa hesabu tu, na zote zimewekwa alama ya vema.