Chuchu ya Nne

Mtaani walimwita Mama Chuchu Tatu, na jina hilo alilipenda. Kila ng'ombe aliyepita mikononi mwake, tangu alipokuwa msichana anayekamua kwa watu, alimkamua chuchu tatu tu. Ya nne ilikuwa ya ndama. Ukimwuliza sababu, alikukazia macho na kusema, "Ana mtoto, hujamwona?" Basi, kesi imekwisha.

Kwa maziwa ya chuchu hizo tatu alimlea mwanawe wa pekee baada ya mume kufariki. Sasa mwana amekuwa mtu mzima, duka lake la simu limemshinda, amerudi nyumbani na kulishika banda. Lilikuwa uani: sakafu ya saruji, paa la bati la chini, la kuinamia, ng'ombe wanne wamefungwa shingo, kila mmoja anatazama ukuta. Zamani walitolewa nje kunyoosha miguu. Mwana alipiga marufuku, akasema ng'ombe anayetembea anatembea na maziwa yake. Mama akaanza kumwita Meneja, mwanzoni kwa utani.

Yule ng'ombe mwekundu alipozaa ndama dume, Meneja alikunja uso kama mtu aliyetukanwa. Dume hakamuliwi. Akaagiza afungiwe stoo na apewe maji ya pumba, maana wateja walikuwa wengi na kila tone lilikuwa na mwenyewe.

"Pumba!" mama alifoka. "Wewe ulipozaliwa nilikupa pumba?"

"Mama, hii ni biashara."

 Meneja alikuwa mpenzi mkubwa wa kitanda, basi kila alfajiri mama alimtoa ndama stoo, akambeba kifuani ndani ya koti lake la kazi, akampeleka kwa mamaye. Ng'ombe alimlamba mwanawe, akalilamba na koti. Ndama akianza kunyonya, maziwa yalishuka. Mama akakamua chuchu zake tatu na kumwachia mwenyewe ya nne. Ndama alianza hata kurukaruka.

Asubuhi moja Meneja aliamka mapema, shetani gani alimwamsha sijui, akamkuta ndama amening'inia kwenye kiwele, povu limejaa mdomoni.

"Kumbe mama, wewe ndiye unayeniibia."

Alisema hivyo, uso mkavu, kwa mama yake mzazi.  Mama aliishika ndoo kwa mikono yote miwili ili mikono hiyo isishike kitu kingine.

Ufunguo wa stoo ukahamia mfukoni mwa Meneja. Kuanzia hapo ndama alilia stoo, ng'ombe akamjibu kutoka bandani, na mama alikaa katikati yao anakamua, meno ameyauma. Angeondoka siku ile ile, lakini nani angebaki kumtetea yule mdogo? Akamwomba mwanawe, yeye ambaye hakuzoea kuomba mtu. "Nitaangalia," Meneja alijibu, macho kwenye simu. Hakuangalia kitu. Ndama aliharisha, akalala chini, hakuinuka tena.

Ng'ombe naye akabana maziwa. Kiwele kilijaa mpaka ngozi ikang'aa, ukikamua unaambulia matone. Meneja akahangaika, akampiga makofi ya mbavuni, kana kwamba mfiwa hupona kwa makofi. Mwishoni akakumbuka ujanja ambao wafugaji wengine huutumia: ngozi ya ndama aliyekufa hujazwa majani makavu, ikashonwa, ikasimamishwa mbele ya mama yake ili anuse harufu ya mwanawe na kushusha maziwa.

"Mama, wewe unajua kushona."

"Shona mwenyewe."

Akashona mwenyewe. Lakini wateja wake walipitia uani, na yeye hakutaka wazibe pua. Kwa hiyo ngozi ile aliifua kwanza kwa sabuni ya unga, akaisuuza, akaianika juani. Akamsimamishia ng'ombe mdoli unaonukia maua. Ng'ombe alinusa mara moja, akapumua kwa nguvu, akageukia ukuta.

Mama aliingia kutazama kiwele, maana aliogopa kisije kikavimba kwa ndani. Akapenya mbele ya ng'ombe ili kuondoa ule mdoli wa majani na nyuzi. Ng'ombe akanyoosha shingo. Akalinusa koti la kazi, pale kifuani ambapo ndama alizoea kulaza kichwa, akatoa mlio mdogo wa kooni na kuanza kulamba. Alilamba kwa pupa, macho yamemtoka. Nyuma huko maziwa yakaanza kudondoka yenyewe kwenye saruji, chuchu zote nne.

Mama alilia. Si kwa huruma peke yake. Alilia kwa hasira iliyokosa pa kutokea.

Meneja alipiga kofi la furaha. "Mama, koti! Usilifue hata kidogo! Kila asubuhi utakuwa unasimama hapo mbele, mimi nakamua!"

 Mama akavua koti, akamvuta mwanawe kwa mkono hadi kwenye ile nafasi finyu kati ya pua ya ng'ombe na ukuta, akamvisha, akamfunga vifungo kimoja kimoja kama alivyokuwa akimfunga sare ya shule.

"Uliniita mwizi, nikanyamaza," alimwambia. "Lakini kwenye uongo huu sikusaidii. Mtoto wake umemuua wewe, basi mdanganye wewe."

Akatoka. Ng'ombe akamsogelea Meneja, akamlamba kifua, akamlamba shingo, akamlamba kidevu kwa ule ulimi wa kukwaruza, akimwita kwa sauti ya chini. Meneja alimsukuma, hakusukumika. Alijaribu kupita upande huu, kichwa kikubwa kikamfuata. Mgongo wake ukagota ukutani.

"Mama!" aliita. "Mama, njoo!"

Mama alikuwa ameshafika barabarani, na alimsikia vizuri sana.