Dhambi Isiyokuwa Kwenye Orodha

Tusi la kwanza lilinijia nikiwa nimepiga magoti kwenye Meza ya Bwana, kikombe kikiwa kimebakiza watu wawili kunifikia. Lilikuwa tusi la Kimeru, lile ambalo mlevi mmoja wa kwetu alizoea kuwatukania watu njiani, na safari hii lilimlenga Yesu. Sikulisema. Lilijisema lenyewe, ndani, kwa sauti yangu. Nikanywa hivyo hivyo, nikarudi kwenye benchi la kwaya nikiwa na uhakika kwamba nimemkufuru Roho Mtakatifu, dhambi ambayo tangu darasa la kipaimara tuliambiwa haina msamaha.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Siku za wiki nilikuwa fundi cherehani kwenye kibanda cha dada mmoja Sombetini, mjini, na kila Jumamosi nilipanda kwa mama, mlimani, ili Jumapili niimbe. Baba alishafariki, kaka zangu wana miji yao. Tulibaki mama na mimi.

Tangu siku ile matusi hayakukoma. Nikaanza kuyafuta kwa Baba Yetu. Sharti nililojiwekea ni kwamba niiseme yote mpaka Amina bila wazo chafu kupita katikati. Likipita, naanza upya. Na ukishajiambia lisipite, ndipo linapopita. Kuna siku nilianza mara arobaini. Cherehani nayo ikaingia kwenye dini: tusi likija sindano inatembea kwenye sketi ya shule, niliamini limeshonewa humo humo, na mtoto wa watu atakwenda shule na laana kiunoni. Basi nafumua kwa wembe, nashona tena. Sketi moja ikawa kazi ya kutwa.

"Mdogo wangu," dada mwenye kibanda aliniambia, "kuchamba kwingi..." Hakumalizia, kwa sababu wateja walikuwepo. Alidhani ni unadhifu. Akawa ananisifia kwao kwamba huyu fundi wangu hataki mshono uliopinda. Nilimchukia kwa sifa ile.

Ningemwambia nani? Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini aliyesema hivyo alikuwa na maradhi yanayotamkika. Yangu, kuyaeleza ni kuyarudia kwa mdomo. Kwenye kwaya tulisimama bega kwa bega, nami nilijua hakuna hata mmoja aliye mahali nilipo. Nilikuwa mpweke kiasi cha kumwonea wivu yule mlevi. Yeye angalau alitukana kwa sauti, na watu wakamjibu.

Ndipo nikawafikiria wanaorudi kundini. Kanisani kwetu mtu akianguka, hasa msichana aliyezalia nyumbani au mwanamume aliyeongeza mke, huwekwa kando asishiriki Meza ya Bwana. Akitubu anajiandikisha, na Jumapili moja anasimama mbele na wenzake, anaulizwa maswali, anawekewa mikono, anapokelewa. Niliupenda utaratibu ule. Baba Yetu zangu hakuna aliyezishuhudia, lakini hili lilikuwa na orodha na kanisa zima la mashahidi. Nikajiambia, likishafanyika mbele ya watu wote, hata mimi sitaweza kubisha kwamba halikufanyika.

Mchungaji aliniuliza nimefanya nini.

"Dhambi kubwa, Baba Mchungaji. Siwezi kuitaja."

"Kuna mwingine anayehusika?"

"Hapana. Ni mimi peke yangu."

Alinitazama kwa huruma, macho yake yakashuka mpaka tumboni kwangu, ambako hakukuwa na kitu, yakarudi kwenye daftari. "Basi, binti yangu. Mungu anajua." Akaandika jina langu.

Amini usiamini, sikuelewa. Nilikuwa nimezama kichwani mwangu mpaka nikasahau kwamba na wengine wana vichwa. Jumapili ile tulisimama sita: wasichana wanne wenye watoto mgongoni, mzee mmoja aliyekuwa amemrudia mke wake wa ndoa, na mimi. Kosa la kila mmoja lilionekana. Langu watu walilitafuta, na msichana anayesimama pale bila tumbo na bila mtoto, kwetu jibu lake ni moja tu. Niliwaona wanawake wa benchi la mama wakinong'onezana. Mama alikuwa akitazama jalada la kitabu cha nyimbo.

Nilipowekewa mikono nilipata raha ambayo sikuwahi kuipata maishani. Ilidumu mpaka kwenye kikombe. Hapo tusi likarudi, lile lile, na nyuma yake swali jipya: je, kama hukutubu vizuri?

Nyumbani mama alinipikia mtori. Aliweka bakuli mbele yangu, akasimama mlangoni akinitazama ninavyokula. Nilikuwa nimefika nusu ndipo nikaelewa. Mtori mzito wa ndizi na nyama, bila sikukuu na bila mgeni, kwetu hupikiwa mwanamke aliyetoka kujifungua. Nilikuwa nimejipalia makaa mwenyewe. Nikimwambia sikutoa mimba, ataniuliza sasa nilitubu nini. Nikamaliza bakuli.

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Mwaka mzima aliitikia shikamoo yangu, akanipa ndizi za kuteremka nazo mjini, na hakunishika hata mkono. Nililia sana mwaka ule, mara nyingi juu ya cherehani, na dada akidhani nina mwanamume anayenitesa.

Mwishowe nilikwenda hospitali kwa sababu ya tumbo lililokuwa likiniwaka moto. Daktari, mama wa makamo, aliniuliza maswali mengi yasiyohusu tumbo, kisha akasema, "Kuna mawazo yanakujia ambayo wewe mwenyewe yanakuchukiza?" Nililia mpaka akainuka kufunga mlango. Akaniambia ni ugonjwa, una jina na una dawa, na kwamba huwashika wanaoogopa kumkosea Mungu, si wanaomdharau. Akanipa na kazi ngumu kuliko vidonge: nisali Baba Yetu mara moja tu, uchafu ukiingia niuache upite, nisirudie. Siku ya kwanza nilitetemeka kama mwenye malaria. Baada ya miezi kadhaa ilifika siku nikashona sketi tatu.

Sasa nilikuwa na neno la kumwambia mama: naumwa. Jumamosi moja nikapanda, nikilipanga njia nzima. Nilimkuta nyuma ya nyumba akichambua kahawa kwenye ungo. Nikamwamkia, nikavuta kigoda, tukachambua pamoja. Nikavuta pumzi nianze.

"Yule mtoto," akasema yeye, macho kwenye kahawa, "alikuwa na miezi mingapi?"

Nikatupa punje mbovu pembeni.

"Nilikukasirikia, mwanangu. Mungu anisamehe. Lakini yeye namwombea kila asubuhi. Nimempa jina la bibi yako, maana moyo unaniambia alikuwa wa kike."

Maneno ya daktari yalikuwa mdomoni kabisa. Ningemwambia hapakuwa na mtoto. Ningemnyang'anya mjukuu aliyemlea kwa sala mwaka mzima, halafu badala yake nimpe binti anayemtukana Yesu akiwa amepiga magoti. Nilitaka kusema ukweli. Nilitaka zaidi anishike.

"Mitatu, mama."

Akaweka ungo chini, akanivuta, akakilaza kichwa changu mapajani mwake. Ule ulikuwa uongo halisi, uliotoka kinywani mwangu na kuingia masikioni mwa mtu, na nilisubiri kichwa changu kinishtaki. Kilikaa kimya. Mama alikuwa akilia, akisema pole, pole mwanangu, kwa msichana aliyemdhania kuwa ni mimi, nami chini ya mkono wake nikajiona sina mtu duniani.