Kiti Kinachogeuka Kitanda

Wenzangu wa ofisini hapa Garissa bado huniuliza ni shirika gani la ndege lilikuwa bora, maana kati yetu sote ni mimi tu niliyewahi kukaa daraja la biashara, tena kwenye mashirika mawili ya Ulaya katika safari moja. Zamani nilijibu kwa kirefu na kwa mikono. Siku hizi nasema ndege ni ndege.

Nilialikwa Ulaya kwenda kueleza ukame. Mimi ni afisa wa mifugo, na mizoga ya ng'ombe nimeiona mingi kuliko harusi. Wenyeji wangu walinilipia kiti cha mbele kwenda na kurudi, nami sikujifanya kukataa.

Shirika la kwanza lilikuwa na viti viwili viwili. Kiti kililala, ndiyo, lakini kwa kuteremka, na miguu ikaingizwa kwenye kijisanduku kama ya mbuzi aliyefungwa siku ya soko. Jirani yangu wa dirishani aliniruka magoti kila alipokwenda msalani. Nilimuuliza mhudumu kama nyama ni halali, akaniambia ni laini sana. Nikala samaki. Chai yao, kusema haki, ilikuwa nzuri. Yote hayo niliyatuma pamoja na picha kwenye kundi la ofisi, nikalitunuku shirika hilo alama sita juu ya kumi.

Nikiwa huko, nikaitwa nyumbani Takaba, kwamba mama yangu anasumbuliwa na kile kifua chake cha miaka yote. Mwanamke aliyeshughulikia tiketi zetu sisi wageni akaniambia ipo nafasi jioni ileile, lakini ni kiti cha nyuma kabisa, katikati ya watu wawili. La sivyo ningoje kesho yake nipande shirika la pili, kwenye kiti changu cha mbele chenye mlango wake. Nikampigia kaka yangu mkubwa.

"Hooyo yuko vipi?"

"Mama hajambo, alhamdulillahi. Anauliza unakuja lini. Wewe njoo salama, walaal, usijichoshe."

Sasa, kwetu msafiri haambiwi habari mbaya. Ataambiwa wote ni wazima mpaka afike, aketi, apewe chai, ndipo mtu aanze kusoma dua na yeye aelewe mwenyewe. Desturi hii waliiweka watu waliojua kwamba mwenye huzuni hupotea njia porini. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia binamu yangu aliyekuwa Nairobi kwamba baba yake ana homa kidogo tu, na wakati huo mikono yangu ilikuwa bado na udongo wa kaburi. Kwa hiyo "hajambo" ya kaka yangu niliijua vizuri sana. Niliamua kuiamini kwa ajili ya ule mlango.

Na kweli, shirika la pili lilikuwa bora. Kila mtu na chumba chake kidogo. Kulikuwa na godoro jembamba la kutandika juu ya kiti, mfarishi mzito na mito miwili. Nilivuta mlango, nikajinyoosha mwili mzima, mimi niliyekulia juu ya ngozi ya ng'ombe. Tisa juu ya kumi, niliwaandikia. Nililala fofofo mpaka nikaamshwa na kitambaa cha moto cha kufutia uso.

Alfajiri hiyo mama alifariki. Akazikwa kabla ya adhuhuri, kama dini inavyotaka, na hakungojwa mtu. Niliposhuka Nairobi nilipiga simu, kaka akasema hajambo. Nilipofika Wajir nikapiga tena, akasema hajambo. Niliingia Takaba jua likikaribia kuchwa, nikakuta turubai limefungwa nje ya nyumba na wanaume wameketi chini. Nikaletewa chai. Sikuigusa. Ningepanda kile kiti cha nyuma, ningefika jana yake jioni nikamkuta bado anazungumza. Nilijichukia pale pale, na chuki hiyo haijapungua.

Dada yangu akanishika mkono akaniingiza chumbani kwa mama. Mkeka wake ulikuwa umekung'utwa na kutandikwa upya, mto ukiwa juu yake.

"Lala," akasema. "Ametusumbua usiku kucha tukutandikie huu. Akatwambia tumtoe, tumlaze kwenye ngozi kule pembeni, mkeka ubaki wako. Alisema, mwanangu anakuja amekaa kitako usiku mzima, mgongo utakuwa umemvunjika."

Nikalala juu yake kama nilivyoambiwa. Mgongo haukuwa unaniuma.