Atakayetikisa Majani

Kila Krismasi Nyakerario aliwachekesha wageni kwa hadithi ileile: jinsi alivyomshinda mama yake, Nyatichi, mchezo wa kujificha chini ya michai, akiwa na miaka mitano tu. Mama aliweka sheria moja, kwamba atakayetikisa majani ameshindwa. Na mama mwenyewe, mchuma chai wa miaka mingi, ndiye aliyetikisa!

Wiki jana Nyakerario alinunua riwaya kuukuu ya vita pale sokoni Kapsoit. Katikati ya kitabu, mama mmoja anawalaza wanawe shimoni na kuwaambia ni mchezo, huku askari wakipita juu. Alikifunga kitabu, uso ukimwaka kama aliyezabwa kofi. Mwaka ule wa mchezo wao ulikuwa wa fujo za uchaguzi, watu wakisakwa hadi mashambani. Michai hukatwa sawa kama meza, na tawi likicheza huonekana tangu barabarani. Mama hakuwa anacheza, alikuwa anatetemeka. Na yeye, mjinga yule, akapaza sauti, "Mama, umeshindwa!" hadi akazibwa mdomo kwa kiganja.

Miaka yote hiyo, wageni wakiangua kicheko, hakuwahi hata siku moja kumtazama mama.

Alimkuta jikoni akichambua mboga za managu. "Mama," alisema, akiangalia sakafu, "ile hadithi ya Krismasi siisimulii tena."

Nyatichi aliendelea kuchambua.

"Isimulie vilevile," alisema. "Ile yangu haina pa kucheka."