Hata Anayepinga Vita Huaga

Ipo siku moja isiyonitoka, mwanangu: Jumamosi ya baridi, nimeketi katikati ya barabara mjini Washington, mkono wangu umefungwa kwa kitambaa na mkono wa msichana wa Kizungu aliyejiita Sunny, na polisi wanatuambia kwa kipaza sauti tuondoke au tutakamatwa.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Vita vya Iraki vilikuwa vinanukia. Mimi, niliyeona haya hata kuomba chumvi mezani, nilikuwa nimepata watu: vijana wa nywele ndefu, shanga na gitaa, waliojazana nyumba moja, wakipika dengu sufuria moja, wakisema ndugu ni yeyote akupendaye. Walinipenda kweli, sikatai. Lakini akina Sunny wakikamatwa, baba zao huja na gari jioni. Mimi na Shangazi Rehema, aliyenilea kule Falls Church, mji wa jirani na Washington, karatasi zetu za ukaazi zilikuwa hazijatoka. Kesi moja tu, turudishwe tulikotoka. Nililijua hilo. Ndiyo maana asubuhi nilitoka kimyakimya, yeye yuko bafuni.

Polisi wakaonya mara ya pili. Ndipo nikamwona Shangazi anapenya umati, na gauni lake la kazi ya kutunza wazee. Binti wa jirani, aliyejua niendako, alikuwa amenichongea. Nikajikunyata nikingoja kofi.

Hakunipiga. Alimtazama kijana aliyekuwa peku kando yangu, akauliza, “Na huyu, viatu kaibiwa?” Kisha akakunja gauni, akaketi kwenye lami, akapitisha mkono wake kwenye wangu.

“Shangazi, ondoka! Watakukamata!”

“Kwani wewe watakuacha?”

“Mimi nimeamua.”

“Umeamua na nani? Hukuniaga.” Alisema polepole, bila hasira. “Hata mimi vita sivitaki, Zuhura. Lakini anayekwenda vitani huaga, na anayekwenda kuvipinga huaga vilevile. Mchuma janga hula na wa kwao. Haya, nimekuja kula.”

Onyo la mwisho likatoka. Akaukaza mkono wake ndani ya wangu.

Nikafungua kitambaa kwa meno. Sunny akaniuliza, “Unatuacha?” Nikamwinua Shangazi, tukaondoka. Tulipofika kwenye kona, wenzangu walishaanza kubebwa mzobemzobe. Shangazi alilia kwenye treni hadi tukashuka, nami sikujua pa kutazama.

Basi, mwanangu, sikukatazi barabara. Dhuluma haipingwi kwa kujificha jikoni. Ila mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: rafiki wa shanga hataubeba wako, hata akikupenda vipi. Kabla hujafunga mkono mmoja, tazama ule mwingine umeshikwa na nani. Kisha aga. Tubishane hapa mlangoni. Huenda nikakataa, huenda nikatafuta viatu twende wote.

Mungu akutangulie utokapo, akulinde uendako, na kila urudipo akukutanishe na mtu aliyekuwa anakungoja.