Siku Baba Yake Rehema Alipokuja Bwenini

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa bweni la wasichana, kipimajoto na kabati la dawa lenye kufuli. Ilikuwa miaka ya hamsini, katika shule moja nje kidogo ya mji wa Tanga, nami ndiyo kwanza nimemaliza mafunzo ya unesi. Mwalimu Mkuu, mama wa Kiingereza, aliniambia kwamba mgonjwa wa kweli kipimajoto humwonyesha. Wengine ni wavivu. Niliitikia tu.

Kazi yangu ya matroni wa bweni ilikuwa kuamsha wasichana, kukagua kucha na mashuka, na kugawa vidonge vya malaria. Mgonjwa tulimshika kifundo cha mkono, tukahesabu mapigo ya mshipa. Mapigo hayo ndiyo yaliyonitia wasiwasi kwa Rehema.

Rehema alikuwa darasa la nane, mwaka wa mtihani. Mama yake alikwisha kufariki. Baba yake, Mzee Elia, Mshambaa, alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, kwenye shamba moja njia ya Muheza. Mtihani ulipokaribia, binti akaanza kutetemeka. Viganja vilimlowa jasho, pumzi zikambana, akasema anakufa. Homa hana. Daktari alimpima moyo akasema ni mzima, ni hofu tu. Mwalimu Mkuu akaamua kwamba hali ikiendelea hivyo, arudishwe kwao. Na aliyerudishwa kwao siku zile, shule ndiyo basi.

Nilimuuliza anaogopa nini.

"Nikifeli, baba atazidi kuninyamazia," alisema.

Akanieleza kwamba tangu mama afariki, baba hali chakula naye tena. Huitikia shikamoo, kisha kimya. Aliamini kuna kosa amemtendea asilolijua.

Niliomba ruhusa, nikapanda lori la mkonge hadi shambani. Mzee Elia alinisikiliza akiwa ametapakaa maji ya kijani ya mkonge. Nilikuwa binti mdogo mbele yake, na niliogopa kwamba atanifukuza.

"Msichana akivunja ungo, baba hukaa mbali," alisema. "Mama yake ndiye wa kuzungumza naye."

"Sasa anazungumza na nani, mzee wangu?"

Alirudi kwenye mashine yake, nami nikarudi mikono mitupu.

Jumapili, baada ya ibada, Mzee Elia alitokea getini amevaa koti la kanisani. Rehema alipomwona alinishika, akaanza kutetemeka, akidhani amekuja kumchukua. Niliwakalisha barazani, nikataka kuondoka. Rehema hakuniachia mkono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Mzee akawa anafunga na kufungua vifungo vya koti lake, mpaka nikajuta kumfuata.

"Rehema," alisema mwisho, akitazama sakafu, "sikukukasirikia hata siku moja. Ulikua, nikaona haya. Sikujua baba huzungumzaje na binti mkubwa."

"Na nikifeli?"

"Ukifeli utarudi nyumbani, tutakula pamoja."

Binti akalia. Mshipa wake niliukuta ukienda mbio bado, ila taratibu ukatulia. Mwalimu Mkuu aliyaona yote kutoka ofisini kwake, na habari ya kumrudisha hakuitaja tena.

Nisiwadanganye: asubuhi ya mtihani Rehema alitetemeka vilevile, akaandika hivyo hivyo. Lakini aliandika hadi mwisho, na baadaye akapata nafasi ya kusomea ualimu. Mzee Elia alikuja karibu kila Jumapili.

Nilihamishiwa Pangani, kisha hospitali ya mjini, hadi nikastaafu. Kijana akija moyo unamwenda mbio na homa hana, nilimpima kwanza, kisha nikamuuliza nyumbani huzungumza na nani. Daktari mmoja, mkubwa wangu, aliniambia hayo si maswali ya hospitali. Niliendelea kuuliza. Wapo akina baba niliowaita wakaja. Wapo waliokataa, na watoto wao nawakumbuka kuliko ninavyomkumbuka Rehema.

Sasa naishi mtaa wa Nguvumali, mjini Tanga, na majirani ni wazee wenzangu. Mmoja wao akijisifu kwamba watoto wake wakisikia hatua zake wote kimya, wenzake hucheka. Mimi hukosa raha siku nzima.