Protini Iliyoshikwa na Kioo

Miaka ya sabini nilifanya kazi katika maabara moja katikati ya Nairobi, chumba ambacho dirisha lake lilitazama ukuta wa jengo la pili. Kila jioni nilirudi kwetu Waithaka nikiwa nimechoka, na mara nyingi sina la kusimulia.

Daktari niliyemsaidia alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya, mpole, mwenye kikohozi kisichopona. Alitaka kujua jambo moja tu. Protini ni uzi mrefu uliojikunja kwa namna yake. Ukikunjuka, kazi yake inakwisha. Tulikuwa tukiikunjua kwa kemikali iitwayo yurea ndani ya maji. Tukiiondoa yurea, nyuzi zilikamatana zikawa mabonge meupe yasiyofaa kitu. Je, tukiufunga kila uzi kwanza kwenye kipunje cha kioo, mbali na wenzake, utaweza kujikunja tena?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa hapana. Kwenye kioo kitupu protini ilijibandika ikaharibika yenyewe. Tulipokipaka kioo dawa ya kuifunga, tuliishika mahali pengi mno, ikashindwa kujigeuza. Daktari hakukasirika. Alikohoa kwenye leso, akasema, "Punguza dawa, dada. Tuishike kidogo tu."

Kisha akalazwa hospitali, nikabaki peke yangu.

Protini yetu ilikuwa ya aina inayomeng'enya maziwa. Alasiri moja, baada ya kupunguza dawa kama alivyosema, niliosha yurea yote kwenye vipunje, nikamimina juu yake maziwa yaliyozimuliwa. Nikangoja. Polepole weupe ukapungua, hadi nikaviona vidole vyangu upande wa pili wa chupa. Chumbani hapakuwa na mtu wa kumwambia. Nikaenda hospitali kwa miguu, bila hata kuvua koti la kazi.

"Maziwa yamekuwa maji, Daktari."

"Kabisa?"

"Si kwa nguvu ya mwanzo. Lakini protini imerudi."

Alifumba macho. Nilidhani amelala.

"Rudia," akasema. "Huenda ni bahati."

Nilirudia, ikarudi tena. Asubuhi nilipokwenda kumweleza, kitanda chake kilikuwa kimetandikwa shuka safi. Mkewe, mama niliyekuwa nimemwona mara moja tu nyumbani kwao Kilimani, alisimama kwenye ujia ameshika viatu vya mumewe.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukifanya kazi naye," alisema. "Alikuwa akitafuta nini humo siku zote?"

Nilimweleza nilivyoweza: uzi, kioo, maziwa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na alikipata?"

"Alikipata, mama. Ila hii ya pili sikuwahi kumwambia."

Aliitikia kwa kichwa, akaenda kutafuta gari la kuusafirisha mwili hadi kwao magharibi.

Mkuu wa idara alisema hakuna wa kunisimamia. Chumba kikapewa watu wengine, nami nikaambiwa nikisafishe. Vipunje vya mwisho nilivimwaga kwenye sinki, nikafungulia maji. Mwaka uliofuata nilianza kufundisha kemia katika shule ya wasichana, na sikushika tena utafiti.